Mashimo Juu ya Kaburi la Raheli

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla hujaendelea kusoma, geuza bahasha uangalie gundi. Nimeibandika mara mbili, na mwalimu mwenzangu anayekuja huko Singida likizo ameapa kukukabidhi mkononi. Ukikuta imeguswa, nitajua wa kumuuliza. Cheka tu, lakini ni wewe uliyenilea kuchungulia dirishani kabla ya kufungua mlango.

Magoti yanasemaje? Na kuku wanataga, au bado mwewe ndiye mwenye mji? Sisi tu wazima. Mkweo Josia yuko kazini kule Mbamba Bay, ziwani, anapanda kuja kwangu huku Mbinga kila mwisho wa juma barabara ikipitika. Amekonda. Na mimi nimekonda, nisikufiche.

Mama, kwenye simu uliniambia, "Mtoto hafi hivihivi, mwanangu. Fungua macho." Sikukujibu kwa sababu mtandao unapatikana pale kwenye mashine ya kukoboa kahawa tu, na pale kila mtu ana masikio. Sasa nakujibu kwa kalamu.

Nilikuwa nimeshuka kwa Josia uchungu uliponishika, miezi haijatimia. Tulikimbilia hospitali Liuli. Mtoto aliishi siku mbili. Hapana, mama, si wauguzi; najua hilo ndilo swali lako la kwanza. Mmoja wao alilia kuliko mimi. Tulimpandisha mlimani nimempakata kwenye kanga yako, ile uliyonipa ya kumbebea mjukuu uliyempa jina lako. Mwenye nyumba wangu, mama Osmunda, alikataa tusimzike mbali. Alisema kichanga hakiachwi mbali na mama yake, akatupa kipande cha ardhi yake nyuma ya nyumba, kwenye mteremko.

Hapo ndipo nilipoanza kufungua macho kama ulivyoniagiza. Mtu anatoaje ardhi bure? Halafu kila asubuhi akawa ananiletea uji. Naupokea kwa mikono miwili, akiondoka nampa kuku, kisha naketi kumwangalia kama atakufa. Kuku akanenepa. Majirani wakiwa wanaongea Kimatengo, nikitokea tu wanahamia Kiswahili, nami najiambia hapo wamebadilisha na maneno. Nilimshuku mama Osmunda. Nilimshuku Josia, kwa nini aliniita ziwani wakati ule. Na mwishowe, anisamehe, nilimshuku Mungu mwenyewe. Nikipiga magoti sikuwa na sala, nilikuwa na swali tu: ulikuwa wapi?

Kisha zikaja mvua. Kwetu mvua ikinyesha inakaa pale ilipoangukia. Huku ikianguka inaanza safari. Na kaburi la mtoto ni dogo, mama. Kila ikinyesha, udongo wake ulikuwa unateremka mpaka uani kwangu, nami naukusanya kwa beleshi naurudisha juu. Nilipanga mawe, yakateremka nayo. Nilimwomba Mungu azuie mvua, wakati wakulima wa vilima vyote hivi wanamwomba ailete. Unajua ni nani aliyesikilizwa.

Katikati ya hayo kaka Daudi akanipigia: amempata mwalimu wa huko anayetaka tubadilishane vituo. Fomu niliijaza siku hiyohiyo, ikabaki kuipeleka kwa mwalimu mkuu. Nikashindwa kuipeleka. Niliona wazi kwamba nikiondoka, kwa mvua mbili tatu zaidi mwanangu hatakuwa na kaburi. Na nikibaki, nabaki kati ya watu ambao sijui walinifanyia nini.

Jumamosi moja nilikuwa nafua uani. Nikamsikia mama Osmunda kule juu akimwambia mumewe, mzee Egno, neno moja tena na tena, anaonyesha upande wa kaburi: ngolo, ngolo. Masikio yangu yalisikia kung'oa. Nilipanda ule mteremko na povu mikononi. Upande wa juu wa kaburi wanaume walikuwa wameshafyeka nyasi zote na kuzilaza mistari iliyokatizana, na katikati ya kila mraba wanawake wanachimba shimo. Mashimo mengi, mama, na kila moja linamtosha mtoto.

Nikapiga kelele, "Mnamchimbia nani? Mmoja hakuwatosha?"

Majembe yakasimama. Mzee Egno akavua kofia. Mama Osmunda akaniangalia kama mimi ninavyowaangalia wanafunzi wangu wakikosea hesabu ya darasa la pili.

"Mwalimu, hii ni ngolo. Kwani hujaziona kwenye vilima vyote hivi?"

Kuyaona mashimo nilikuwa nimeyaona tangu nifike. Nilidhani wanachimba udongo wa matofali, na mwalimu mzima nikaona aibu kuuliza.

"Nyasi tunazilaza, tunazifukia kwa udongo wa katikati, maharage yanaota juu yake," akasema. "Shimo linakunywa maji. Yakinywewa huku juu, hayamfikii mtoto."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambiaje, mwalimu? Hata uji wetu unampa kuku."

Walicheka wote, mpaka mzee Egno. Nilitamani kuingia kwenye shimo mojawapo. Sijui ni nini kilichonifanya niseme nilichosema, lakini nilisema, "Nilimwomba Mungu aizuie hii mvua."

"Aa, mvua ni ya Mungu. Sisi hatuizuii, tunaipa pa kukaa." Akanipa jembe. "Haya, chimba."

Nikachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Usidhani nilibadilika palepale. Bado nilikuwa nawatazama kwa jicho la pembeni. Lakini nilipokuwa nafukia nyasi nililia, mara ya kwanza mbele za watu tangu tumzike, na hakuna aliyeniambia ninyamaze. Waliendelea kulima.

Wiki hiyo mvua ilinyesha siku mbili bila kupumzika. Ilipokatika nikapanda juu peke yangu, naogopa kuangalia. Mashimo yote yalikuwa yamejaa maji. Kaburi la Raheli lilikuwa palepale, na mawe yake kama nilivyoyapanga.

Mama, sikudanganyi kwamba nimeelewa. Kwa nini alipewa siku mbili tu, bado namuuliza Mungu, na bado yuko kimya. Nimekubali kwamba siku ni zake. Kila asubuhi nakwenda kukagua tuta moja moja, na palipobomoka narudishia. Lakini lile swali la nani alifanya, nakuomba tuliache, mimi na wewe.

Nisalimie baba mdogo anayetulimia alizeti, na shangazi wa kwaya umwambie sala zake zinafika. Mama Osmunda anakusalimu sana. Uji wake nakunywa mwenyewe siku hizi, na kuku ameanza kukonda. Kaka Daudi mwambie amshukuru yule mwalimu, atafute mtu mwingine. Fomu niliifukia pamoja na nyasi kwenye tuta lililo karibu na kaburi, na maharage ya hapo yameshaota.

Ni mimi mwanao Elipendo, ambaye huku hawamwiti tena mwalimu. Wananiita

Mama Raheli.