Njia ya Mkato ya Bloku Saba

Jumanne, 5 Novemba 1996
Nimechuma kilo thelathini na mbili leo. Mvua kuanzia saa nane. Vidole vyeusi kwa utomvu wa chai. Nimevisugua na limau kabla ya kumshika Kibet, lakini bado amevinusa akakunja uso. Miezi minane tu na tayari anajua kudharau mtu.

Mama Nyaboke ameniambia leo. Mume wake anamaliza kazi, wanarudi kwao Kisii mwezi wa kumi na mbili. Yeye ndiye hunishikia Kibet nikiwa shambani. Kituo cha watoto cha kampuni kinachukua tu mtoto anayetembea mwenyewe. Kibet hata kutambaa anatambaa kinyumenyume.

Baba Kibet anasema mtoto aende Siongiroi kwa kogo, nyanya yake, mpaka atembee. Alisema polepole, akiangalia jiko. Mama mkwe wangu ni mtu mzuri, sina neno naye. Nimeosha sufuria moja mara mbili.

Alhamisi, 7 Novemba
Nyapara ametangaza kwa mizani. Mwaka huu siku ya michezo wanawake wana mashindano yao. Kuvuka bwawa kwa kuogelea, kuendesha baiskeli mpaka kiwandani na kurudi, kisha mbio kuzunguka Bloku Saba hadi uwanjani. Bila kupumzika. Watu wamecheka sana.

Mimi sikucheka. Wawili wa kwanza wanaingia timu ya kampuni, na watu wa timu wanapewa kazi ya kitaluni, kujaza udongo kwa miche. Kitaluni hakuna kikapu. Kule mwanamke anafanya kazi na mtoto wake mgongoni na hakuna anayemwuliza. Huku kwetu mgongo ni wa kikapu.

Nimeandikisha jina. Rael, anayechuma mstari wa pembeni yangu, akasema maziwa yangu yataelea kama maboya. Halafu naye akaandikisha lake.

Jumapili, 10 Novemba
Kuogelea nilijifunza Roret, mtoni, nikichunga ndama za baba. Ni miaka kumi sijaogelea. Leo baada ya kanisa nimeingia bwawani na kaptula ya Baba Kibet. Baridi. Nimemeza maji, nikakohoa, nikarudi tena.

Baba Kibet alikaa ukingoni na mtoto magotini. Kichwa changu kikizama, Kibet analia. Kikitokea, anacheka. Nimevuka mara mbili kwa sababu ya kile kicheko.

Jumatano, 20 Novemba
Nimechoka. Mapaja yanauma, mabega yanauma. Jana nililala nikinyonyesha nikaamka shingo imepinda. Baba Kibet amepaka cheni ya baiskeli mafuta na kushusha kiti kifae miguu yangu. Amefanya tu.

Mama Nyaboke ameanza kufunga vyombo kwa magunia.

Ijumaa, 29 Novemba
Wanasema Ayuma wa nyumba za Laini B ndiye wa kuogopwa. Alizaliwa karibu na mto Yala, anaogelea kama bata. Sawa. Nafasi ni mbili.

Ninaogopa.

Jumamosi, 30 Novemba
Naandika miguu ikiwa kwa beseni.

Tuliingia majini wanawake kumi na mmoja. Watatu walirudi hapohapo. Ayuma alitoka wa kwanza, mimi wa pili. Kwa baiskeli sikumwona mtu nyuma yangu. Kwenye mlima wa kiwanda maziwa yalianza kutoka, blauzi ikaloa. Sikujali.

Halafu mbio. Barabara inazunguka Bloku Saba yote. Nimechuma bloku hiyo miaka minne. Kuna mti wa mgrevilea uliopigwa na radi, na kila jioni tukifika hapo tunaacha barabara, tunakata katikati ya mistari ya chai kwenda kwa mizani, vikapu vimejaa. Leo sikuwa na kikapu. Nilikuwa nawaza Kibet mgongoni kwangu kule kitaluni, uzito wake, mate yake shingoni. Miguu ikaingia yenyewe kwa ile njia ya mkato.

Nilipotokea upande wa pili barabara ilikuwa tupu. Nikageuka. Ayuma alikuwa nyuma yangu, mbali, ndio anafika kona. Mimi ndiye nilikuwa mbele. Mzee wa bendera alikuwa akiangalia upande mwingine. Hakuna aliyeniona.

Nilisimama. Nilitaka sana kuendelea kukimbia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Nikarudi kwa mstari uleule, matawi yakinikwaruza miguu, mpaka kwa mgrevilea, nikashika barabara. Nikitoka kwa chai, Rael akanipita. Hakupunguza mwendo.

“Mama Kibet, ulienda kukojoa?”

Nilimfukuza mpaka uwanjani. Alinishinda kwa urefu wa baiskeli moja.

Wa tatu anapewa beseni la plastiki. Ndilo hili.

Jumapili, 1 Desemba
Rael aliniuliza tena baada ya kanisa, nikamweleza. Halafu akasema ataenda kwa nyapara kesho, aniachie nafasi ya kitaluni, yeye hana mtoto.

“Wewe ulipita barabarani,” nikamwambia. “Ni yako. Chukua.”

Akaanza kulia. Nilimkasirikia. Wa kulia nilikuwa mimi.

Usiku Baba Kibet aliniuliza kama najuta. Nilisema ndiyo. Akauliza kama ningerudi tena kwa ule mti. Nilisema ndiyo. Akavuta blanketi akanifunika.

Jumatano, 18 Desemba
Kogo amekuja. Amekunywa chai, amesifu mashavu ya mtoto, hakuharakisha. Nimefunga nguo za Kibet, kikombe, na sweta yangu ya kulalia. Sijaifua wiki mbili, ibaki na harufu yangu. Niliona haya kumwonyesha. Yeye aliikunja vizuri, akaiweka juu ya nguo zote, akaniambia kwa Kikipsigis kwamba haitaguswa na sabuni.

Kibet alienda mgongoni kwake akinipungia mkono. Wiki hii ndio amejifunza kupunga.

Alhamisi, 19 Desemba
Kilo arobaini na moja. Saa nne niliingia katikati ya mistari nikakamua maziwa chini. Nitakamua kila siku. Yasikauke.

Jumatatu, 23 Desemba
Rael anasema kitaluni Jumamosi wanafunga saa nne. Saa nne na nusu yuko kwa mstari wangu na kikapu chake cha zamani, amalizie sehemu yangu mimi niende Siongiroi. Nikasema hapana. Akasema hakuniuliza.

Nimemwomba Baba Kibet baiskeli. Amesema tangu siku ya mashindano hajapandisha kile kiti.

Jumamosi, 28 Desemba. Siongiroi
Nilitoka saa tano. Bomet vijana wa stendi waliniuliza nani amekufa, nilivyokimbiza baiskeli. Nikasema hakuna, nikapita. Baada ya Bomet ni vumbi na mawe. Milima miwili nilisukuma. Mingine yote nilipanda, nikikaa kwa kiti, pumzi ikiwa sawa. Kabla ya mashindano nisingeweza hata nusu yake.

Saa tisa nilikuwa kwa boma.

Kibet alikuwa kwenye mkeka, mkono wa sweta mdomoni. Akaniangalia kama mgeni. Kogo alitaka kumleta kwangu, nikamwomba amwache. Nikakaa chini, mbali kidogo. Vumbi mwili mzima. Nikanyoosha mkono tu.

Alikuja, kinyumenyume bado, akisimama, akigeuza kichwa kuona kama nipo. Akashika kidole changu. Akakinusa.

Akakunja uso.

Nikamchukua.

Sasa ananyonya. Kogo amewasha taa, ameenda kufunga ndama. Kesho saa nane natoka, Jumamosi ijayo nitakuja tena. Naandika kwa mkono mmoja. Ule mwingine Kibet ameushika.