Ubishi wa Kanda Namba Sita

Kaka yangu uliyetangulia,

Huku Goba mvua imepita, wanangu hawajambo, nami sijambo isipokuwa magoti, ambayo yamestaafu kabla yangu. Nimekaa kukupa habari za Bwana Suti. Najua ungeniuliza hizo kwanza, hata kabla ya kumuulizia shemeji yako.

Unakumbuka tulivyokuwa tunampokea pale Keko, kwenye banda la video nyuma ya mafundi makochi. Jina lake halisi hatukulihitaji. Jasusi anaanguka mtoni na suti haichafuki; basi, Bwana Suti. Filamu zake tulizijua kwa namba ulizoandika juu ya kanda. Wewe umekaa mbele na maiki, unawatafsiria watu Kiingereza ambacho, Mungu akurehemu, ulikijua nusu. Nusu iliyobaki uliitunga mwenyewe, na nadhani hiyo ndiyo watu waliyoifuata.

Halafu ikaja Jumamosi ya namba sita. Mchana, banda limejaa, ukasukuma kanda, akatokea daktari wa mifugo. Mwanamume wa ndevu, viatu vya mpira, ng'ombe mgonjwa. Kule dukani tulikokodi walikuwa wamechanganya makasha. Mtu mwingine angezima na kuomba radhi. Wewe ulivuta pumzi moja tu.

"Hapa Bwana Suti amefuga ndevu," ukasema, "ili adui asimtambue."

Ng'ombe akawa amemeza ramani ya siri. Kila alipolia, ulitutafsiria. Mke wa daktari akawa mke wa jasusi, na yule Bwana Suti tuliyemjua hana hata mchumba akawa mtu wa familia. Alipoagana na mkewe getini, mafundi wazima walifuta macho kwa mikono yenye gundi. Nyumbani ulicheka mpaka ukakohoa, ukaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa.

Sasa sikia. Wale wa banda tuna grupu letu kwenye simu. Mwezi uliopita Abbasi, ambaye marehemu baba yake ndiye aliyekuwa na lile duka la kanda, aliweka orodha ya filamu za Bwana Suti zinazohesabika. Ubishi ukaanza. Huyu anasema ile aliyoigiza mtu mwingine haihesabiki, yule anasema ya vichekesho itolewe. Lakini namba sita haikuwemo kabisa, na hapo mafundi wakawaka. Kwao hiyo ndiyo bora kuliko zote.

Nami, mwalimu mzima, ninayewaambia watoto wa darasa la nne kila asubuhi kwamba uongo ni mbaya, nikarekodi sauti ya dakika nne nikiapa kwamba namba sita ni halali. Abbasi akanijibu kwa adabu, na adabu ndiyo iliyouma zaidi.

"Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, marehemu kaka yako aliwadanganya. Kanda ninayo."

Kaka, yote ningeyavumilia, lakini siyo uitwe mwongo mbele ya watu waliokubeba kwenda makaburini. Aliposema ataileta Jumapili kwenye karakana ya Mzee Shaweji, yule fundi makochi wa jirani na banda, nilifikiria kusingizia magoti. Nikaenda.

Tulikaa kwenye makochi ambayo hayajavikwa kitambaa, springi zinatuchoma. Abbasi akaiwasha, akatutafsiria kidogo. Kiingereza chake ni cha kweli. Ng'ombe ana homa. Mke anataka kwenda kwao kwa sababu mume hakai nyumbani. Hakuna jasusi, hakuna ramani. Na filamu yenyewe, kusema haki, imepoa kama chai ya jana. Mie nikawa naangalia viatu vyangu, nikisubiri mtu aseme neno baya juu yako.

Mzee Shaweji akajikohoza. Akamwambia Abbasi, "Mwanangu, kata sauti."

Kisha akaanza. "Hapa Bwana Suti amefuga ndevu..." Na fundi wa pembeni yake akadakia, na mwingine, neno kwa neno, mpaka vikohozi vyako wakavitia mahali pake. Walipofika kwa ng'ombe waligombania nani amtafsiri. Nikamuuliza Mzee, kwa sauti ya chini, kama hawajakasirika kwamba uliwadanganya. Alinitazama kama mwanafunzi mzito.

"Mwalimu, sie tulijua siku ileile. Bwana Suti na ng'ombe wapi na wapi? Tulinyamaza ili asiache kusema."

Miaka yote hiyo nimebeba siri ambayo Keko nzima walikuwa nayo.

Tukafika pale getini. Mke amesimama, mume ameshika mkoba, mdomo wa mwanamke unacheza, na mafundi wakakwama. Hakuna aliyekumbuka, kwa sababu siku ile wote walikuwa wanalia. Mzee Shaweji akanigeukia. "Alisemaje hapa?"

Nilijua. Nikasimama, nikasema ulivyosema wewe.

"Nenda, baba watoto. Nchi ikikuchosha, mie nipo."

Abbasi akakunja mikono, akakaa hivyo mpaka filamu ikaisha. Kisha akatoa simu, akauliza hii tulikuwa tunaiitaje, na mbele yetu akaiandika katikati ya namba tano na namba saba.

Sikuwaambia maneno yale uliyatoa wapi. Hayakutoka kwa mke wa daktari wala wa jasusi. Mama alimwambia baba mlangoni kwetu, neno kwa neno, kila baba alipoondoka na lori kwenda bara, ukiondoa ile "nchi"; yeye alisema "njia". Nilikuwa natembea kuelekea kituoni nikicheka peke yangu, watu wananishangaa.

Pumzika, kaka. Huku jina lako ni zima. Na ukikaa na mama huko mliko, mpe taarifa taratibu, maana hapendi mambo ya ghafla, kwamba yumo kwenye filamu ya kijasusi, na mafundi makochi wa Keko walimlilia.

Mdogo wako,
ambaye mpaka leo hajapata mtu wa kubishana naye kama wewe