Nimemzika nyanya aliye hai ili mama apumzike

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo nitakuwa nampeleka mama yangu kwenye matanga ya mtu ambaye hajafa, na kosa ni langu.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nilimaliza kidato cha nne mwaka jana na sasa nafanya kazi kwenye duka la kutoa nakala hapa Malaba. Mama yangu, ambaye watu humwita Mama Okwi kwa jina la kaka yangu mkubwa, anauza chapati na maharagwe, madondo tunavyoyaita, kwa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Uganda, anaanza kukanda unga kabla hakujapambazuka na anasimama mpaka jioni, na miguu yake imevimba mpaka viatu vya Jumapili havimwingii tena, na nesi alipomwambia apumzike siku mbili tu alijibu kwamba malori hayapumziki.

Rafiki yangu Sheilah, tuliyesoma naye, ana nyanya anayeitwa Phelister anayeishi kwenye kisiwa kimoja cha ziwani mbele ya Port Victoria, kisiwa chembamba kama mkanda, upande wa nje mawimbi yanapiga na upande wa ndani maji yametulia na mchanga ni mwingi, na nyanya huyo ana chumba anachowapa wageni wanaokuja kupumzika wikendi, naye nyanya mwenyewe akasema nije na mama tulale siku mbili. Nilifanya mazoezi ya kumwambia mama kwa siku nne. Siku ya tano nilimkuta akisukuma chapati, nikasema kuna mahali nataka twende, kule ziwani, akaniuliza bila kuniangalia, "Kufanya nini huko?" Mshauri, mimi ni mtu wa aibu, hata darasani nilikuwa najua jibu na bado nanyamaza, na hapo nikakumbuka kwamba mama hufunga kibanda kwa jambo moja tu, amekifunga kwa matanga kule Adungosi, kule Nambale, kule Matayos, hata ya watu asiowajua vizuri, basi mdomo wangu ukasema, "Kuna matanga."

Akaweka chini kifimbo cha chapati. "Nani?"

"Nyanyake Sheilah."

"Maskini. Tutaenda."

Nilifurahi kwa dakika moja hivi. Kisha mama akawaambia wenzake wa chama cha kina mama kanisani, na sasa kina mama saba wanakuja pia na leso zao za sare, wameshakusanya sukari, majani ya chai na mchele kwa ajili ya wafiwa, na juzi walianza mazoezi ya wimbo kwenye ua wetu. Kiongozi wao, Mama Bwire, akaniambia, "Wewe umesoma, utatuandikia risala ya rambirambi na utaisoma mwenyewe," nikashindwa kukataa, nikaanza kuandika yale ambayo Sheilah hunisimulia, kwamba marehemu alikuwa mtu asiyemwacha mgeni aondoke mikono mitupu, na nilipokuwa kwenye mstari huo simu ikalia na alikuwa marehemu mwenyewe, anauliza kama mama anapenda samaki wa mbuta au ngege. Nikasema ngege.

Tangu hapo kila simu ikilia nashtuka. Jana mama alifua gauni lake la bluu la maua, si lile jeusi la matanga, nikafikiri amekosea, na alipokuwa akilianika akaniuliza kama maji yako karibu na boma la marehemu na kama mchanga wa huko ni ule mweupe, kwa sababu yeye aliliona ziwa mara moja tu akiwa darasa la sita, kupitia dirisha la basi, na mwalimu akakataa washuke kwa kuwa walikuwa wamechelewa. Nikimwambia ukweli atakataa kwenda na hataniamini tena, nikinyamaza tutafika kisiwani tukiimba na nyanya atatoka nje kutukaribisha. Nimefikiria hata kusema mazishi yameahirishwa. Nifanye nini?

Mwenye aibu, Malaba

Mwenye aibu,

Nimecheka, kisha nimekasirika. Nyanya wa watu anawachagulia samaki, nawe umekaa unamwandikia risala ya mazishi. Hiyo si aibu tena, binti yangu, ni utovu wa adabu. Na usithubutu kuahirisha chochote. Utaulizwa tarehe mpya, na kina mama wale saba watafika tarehe hiyo pia.

Najua ulitaka mama apumzike. Wasichana wengi wa umri wako hawajawahi hata kuitazama miguu ya mama zao, na kwa hilo nakupongeza. Lakini fikiria akigundua uongo huu kule ufukweni, mbele ya wenzake waliobeba sukari. Hatafunga tena kibanda kwa neno lako, hata siku utakapokuwa na jambo la kweli. Hicho ndicho unachokaribia kukipoteza, si wikendi moja.

Kwa hiyo mwambie leo. Mkute akikanda unga, maana mwenye unga mikononi haondoki haraka. Keti karibu naye useme, "Mama, nyanyake Sheilah yuko hai. Nilikudanganya kwa sababu niliogopa utakataa. Nataka ukae siku mbili kando ya maji." Kisha nyamaza, hilo unaliweza. Atafoka. Mwache afoke mpaka amalize.

Halafu nenda kwa Mama Bwire kabla ya mazoezi mengine ya wimbo, wewe mwenyewe, usimtume mama. Mrudishie kila mmoja alichotoa. Watakucheka, na pengine watakuita Matanga mpaka uolewe, utazoea. Wakisema sukari ibaki iwe zawadi ya mwenyeji wenu, usikatae. Nyanya Phelister naye asiipate habari hii kwa mwenye boti. Mwambie ana kwa ana, umwombe msamaha kabla hujagusa ngege wake. Na mkivuka vaeni maboya, wewe na mama, hata mkiona wenyeji hawavai.

Unaogopa atakataa. Soma tena barua yako. Gauni la matanga liko sandukuni, la bluu liko kwenye kamba. Mtu anayekwenda kuzika haulizi kama mchanga ni mweupe. Mama yako anangoja kushuka kwenye basi lile tangu darasa la sita, ila hakuwahi kupata sababu ambayo angeweza kuwaambia watu. Mpe ya kweli: amealikwa. Akikataa safari hii, mwombe tena mwezi ujao, bila kumuua mtu.

Ile risala usiichane, umeianza vizuri. Futa neno "marehemu", uibebe, na Jumamosi umsomee Nyanya Phelister kwa sauti, mama yako akiwa ameketi hapo karibu, miguu yake ikiwa ndani ya maji.