Mubirizi na maji ya bondeni

Kahigi, mjinga siku ile ya 1993 nilikuwa mimi. Cheka kwanza, kisha soma.

Unakumbuka nilivyochanganya kwenye chupa mubirizi, yale majani machungu ambayo Mama Vestina alitibia matumbo, na maji ya bondeni wanakokunywa ng'ombe, nikanywa mbele ya watu nionyeshe kuwa dawa yake haiui bakteria? Nikaharisha siku tatu! Halafu nikamtangaza tapeli Nyabiyonza nzima, wagonjwa wakamkimbia.

Leo mtaalamu kaja kutufundisha kanisani. Kasema mimea mingine ina kitu kisichoua bakteria. HAKIUI, Kahigi! Kinazisaidia seli za utumbo ziwamalize zenyewe. Wamewanywesha panya bakteria na kitu hicho, wakaona kinafanya kazi. Mubirizi bado hawajaupima.

Yaani mimi nilitaka dawa ya tumbo iwamalize ndani ya chupa, hata kabla sijanywa. Chupa ina utumbo?

Nikamfuata Mama Vestina pale pale, watu wanasikia. "Shikamoo mama. Nisamehe, nilikuharibia jina. Lakini hata mimi niliumwa kweli."

Kaniangalia kuanzia viatu hadi kofia.

"Marahaba. Hao panya walinyweshwa kwa nguvu, mwanangu. Wewe uliinama bondeni ukachota mwenyewe."