Jogoo Asichinjwe kwa Sababu ya Mguu

Namungo, Ruangwa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na mikorosho ya nyuma ya nyumba imeanza kuchanua. Mimi ni mzima. Kazi ya kufundisha inaendelea, na wanafunzi wangu wamekwisha kuzoea kwamba mwalimu wao habishiwi bila hoja. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu, nikianza tu kujenga hoja, wewe husema mtandao mbaya.

Dada Zuhura amenieleza kwamba kuku wako wanachechemea, na kwamba mjomba ameamua wachinjwe wote Jumapili, jogoo akitangulia, eti wamekanyaga dawa iliyotegwa uani. Mama, kuku hao ndio mbegu uliyoanza nayo upya baada ya ugonjwa wa kideri kuwamaliza wa kwanza. Uamuzi huo naupinga, tena kwa ushahidi.

Hivi karibuni jogoo wa Bi Somoe, mwenye nyumba wangu, alianza kusimama kwa mguu mmoja. Jirani yetu akatoa hukumu bila hata kushuka kwenye baiskeli: "Huyo kakanyaga kitu. Mchinjeni."

Nikamuuliza, "Mchawi gani huyo, aache watu wote wa Namungo amtege jogoo?"

"Mwalimu, wewe soma vitabu vyako. Supu tuachie sisi."

Nilimkamata jogoo nikamgeuza. Katikati ya wayo palikuwa na uvimbe wenye joto, juu yake kigaga cheusi. Shahada yangu ni ya historia, lakini sikuapa kusoma historia peke yake. Ugonjwa huo niliujua, na afisa mifugo alithibitisha. Ni jipu la wayo. Vijidudu huingia kupitia jeraha, basi. Wala usiogope kwamba kideri kimerudi: hicho huwakaba kuku pumzi, huwapinda shingo na kuua wengi kwa mkupuo. Hakiweki kigaga chini ya mguu.

Jeraha lilitoka wapi? Hapo ndipo nilipotazama chini. Watu wa hapa humwaga uani mabaki ya mawe yaliyopondwa kutafutia dhahabu, ili kuzuia tope. Yanang'aa vizuri, na yanakata kama chupa iliyovunjika. Sasa nikuulize, Mama: ni nani aliyekuletea huko kwako Lionja viroba vya mawe hayo hayo, akajisifu kwamba uani kwako kumekuwa kama mjini?

Nilivaa glavu, nikamloweka jogoo wa Bi Somoe mguu katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Bi Somoe alisimama mlangoni akicheka: "Chuo kizima, mwanangu, kimekufundisha kuosha kuku miguu?" Kigaga kilipolainika, afisa mifugo alikitoa pamoja na usaha mgumu, akapaka iodini na kufunga bandeji safi. Mimi nikawa naibadilisha kila siku, naye jogoo akilala peke yake juu ya maranda makavu. Leo ananiamsha kabla ya adhana, na Bi Somoe humwita Mgonjwa wa Mwalimu.

Kwa hiyo fanyeni vivyo hivyo. Uvimbe msiukate wenyewe kwa wembe, wala msiwape vidonge vilivyobaki vya binadamu. Uvimbe ukipanda mguuni au kuku akikataa kula, mwiteni afisa mifugo bila kuchelewa. Zoeni mawe yote. Sakafu ya banda iwe kavu, kijiti cha kulalia kiwe laini na kiwe chini, maana kuku mzito akiruka kutoka juu huumiza nyayo. Zuhura, ambaye macho yake ni makali, awakague miguu kila wiki.

Nisalimie Zuhura na bibi aliyenilea, mwambie kahawa yake naikumbuka. Mjomba mpe shikamoo yangu kwa heshima zote. Akishikilia kisu chake Jumapili, mwombe kwanza avue kandambili, atembee juu ya mawe yake kutoka mlangoni hadi bandani. Akifika bila kuchechemea, sufuria nitakuja kuibandika mwenyewe.

Mwanao mbishi,
Shabani