Tulimwacha Boay Kibandani

Mogitu, Jumapili usiku

Na mimi ndiye niliyecheka kuliko watu wote kwenye kibanda cha video. Mkanda ulikuwa wa mjomba aliyeachiwa watoto wa dada yake, akaunguza uji, akawasahau sokoni. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Dada alikuwa ameenda msibani Masieda, akaniachia wanawe, Marselina wa darasa la pili na Boay ambaye hata kuongea bado. Nikaenda nao kwenye video; Boay akasinzia, nikamlaza kwenye benchi la nyuma. Picha ilipoisha nikatoka na wenzangu, tunabishana ni wapi palichekesha zaidi. Tulikuwa karibu na nyumbani Marselina aliponiuliza, “Mjomba, Boay yuko wapi?”

Nilirudi mbio. Kibanda kilikuwa kimeshafungwa kufuli na mtoto analia ndani, gizani. Ikabidi nimfuate mwenye kibanda kwake. Akaja na ufunguo, akafungua. Boay alikuwa amejikojolea, na alivyonishika shingoni...

Jioni dada alirudi, akauliza mbona macho ya Boay yamevimba. Kabla sijajibu, Marselina akasema, “Alianguka akicheza, mama. Mjomba akambembeleza.”

Dada akanishukuru, akanimiminia chai. Nikanywa. Ningeweza kusema ukweli pale pale, na sikusema.

Baadaye nilipokuwa nafunga ndama, Marselina alinifuata zizini, akaninong'oneza, “Nimesema vizuri, mjomba?”

Nikamwambia ndiyo.