Nilimwombea Binti Yangu kwenye Grupu la Chuo

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, nakusalimu katika jina la Bwana. Mimi ni fundi cherehani hapa Mkolani, shule niliishia darasa la saba, na binti yangu Akelo yuko mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi, anakaa hosteli. Chuo kilipofunguliwa simu yake ilikuwa imekufa, tukaandikisha namba yangu kwenye mfumo wao wa masomo ya mtandaoni, nikaingizwa na kwenye grupu la darasa, na hata alipopata simu yake mimi sikutoka, maana nilishazoea, nashona huku nasikiliza video za mwalimu, jinsi moyo unavyosukuma damu, namsifu Mungu peke yangu kwenye cherehani. Wale watoto nikawapenda, asubuhi nawaandikia, "Wanangu, jaribio linafungwa saa sita mchana, amkeni," nao wananijibu, "Shikamoo Mama Grupu, bila wewe tungekwisha!"

Sasa mwezi uliopita ukaingia ujumbe wa mfumo wa chuo kwenye simu yangu kwamba Akelo ameanguka jaribio la mifupa, nikaumia, na sisi kwenye jumuiya yetu ya kanisani mtu akiwa na shida tunaitaja mbele ya wote tunamwombea, basi nikaandika kwenye grupu, "Wapendwa, tumwombee Akelo, mifupa imemshinda." Wengi waliandika Amina, wengine wakacheka. Akelo akanipigia analia, "Mama, umenivua nguo mbele ya darasa zima!" Nikamwambia, "Mwanangu, kuombewa nako ni aibu?" Akakata simu. Tangu hapo Jumapili haji nyumbani, na Mihayo, kiongozi wa darasa lao, ananiambia hata masomo ya mtandaoni hafungui tena, anasema ataacha chuo. Nikitaka kutoka kwenye grupu wale watoto wananiomba, "Mama usituache." Nifanye nini, dada yangu? Nisije nikampoteza mtoto na chuo pia.

Mama wa Mkolani

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, kwanza jina la binti nimelibadilisha, maana uliandika lake kamili, la baba yake na la chuo, ukaniletea nilichape gazetini! Unaona ugonjwa wako ulipo?

Moyo wako ni mzuri, na sikucheki. Wazazi wangapi hawajui hata mtoto anasomea nini, wewe unasikiliza somo la moyo huku unapinda suruali za watu. Lakini grupu la darasa si jumuiya. Kwenye jumuiya mtu hutaja shida yake kwa mdomo wake. Akelo hukumuuliza. Alama zake ni zake, kama mtu na vipimo vyake vya hospitali, na huyo anasomea uuguzi, hilo atakuwa amefundishwa siku za mwanzo kabisa. Halafu alipokupigia analia, ukamjibu kwa swali. Hapo ulitakiwa kusema nisamehe, basi.

Toka kwenye grupu leo. Waage kwa mstari mmoja, na jina la Akelo usilitaje wala usieleze sababu. Hao watoto wana saa kwenye simu zao, wataamka. Mihayo naye umwache asome, usimfanye mpelelezi wako.

Kisha nenda hosteli mwenyewe, usitume ujumbe. Nenda na simu yako, mbadilishe namba kwenye mfumo mbele yake, iwe ya kwake, matokeo yaende kwake peke yake. Akitaka kukuambia, atakuambia. Mwombe msamaha bila neno "lakini". Siku ukali wake ukipoa, mwombe akufundishe hiyo mifupa kwa video zilezile, wewe ukae mwanafunzi, uulize mpaka achoke. Mtu anayemfundisha mama yake haachi chuo kirahisi.

Kumwombea endelea, ila kwa sauti ya chini.

Na ukifika pale mlangoni, usianze na masomo. Muulize kwanza kama amekula.